Kabla Hujatanguliza Pesa ya Gari la Umeme

Wanangu, nawasikia mkizungumza habari za magari ya umeme, na sina ugomvi nayo. Gari lisilotoa moshi ni jambo la heri kwa miji yetu, na mtakaoishi kuyaona yamejaa barabarani ni nyinyi. Nataka kusema nanyi juu ya ile pesa ya kwanza tu. Kampuni huonyesha gari jukwaani, taa zikamulika, watu wakapiga makofi, na kabla hujashika usukani unaambiwa uweke arbuni ili uingie kwenye foleni. Dola mia, dola elfu, wakati mwingine zaidi sana. Na simu ya kulipia iko mkononi.

Siku hiyo hujanunua gari. Umeikopesha kampuni. Naomba mlishike neno hili, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Mara nyingi pesa yako haiwekwi kando ikakusubiri. Huingia katika akaunti ya kampuni, ikalipa mishahara ya wahandisi na kodi ya jengo, na kwenye vitabu vya hesabu ikaandikwa kuwa deni. Benki ikiikopesha kampuni hiyohiyo hudai riba na hushika rehani: mitambo, kiwanja, haki za uvumbuzi. Wewe huna riba wala rehani. Una barua pepe inayokushukuru.

Wazee wetu nao walitanguliza pesa. Mtu akitaka kitanda, alimpa seremala pesa ya mbao. Lakini karakana ya seremala ilikuwa mtaa wa pili, mbao ulikwenda kuziona, na akichelewa ulimfuata, na akikuzungusha ulimshitaki kwa mkwewe. Kampuni iliyo ng'ambo ya bahari humjui mkwewe.

Mafakihi waliliangalia jambo hili karne nyingi kabla ya umeme. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, mauzo ya arbuni ambayo muuzaji huizuia mnunuzi akighairi hayasihi. Imamu Ahmad bin Hanbal aliyaruhusu. Hata hivyo wote walikubali njia moja ya kulipia kitu ambacho bado hakijawa mikononi mwa muuzaji, nayo huitwa mauzo ya salam: bei hulipwa yote papo hapo, lakini kitu kielezwe sifa zake, kipimo chake kijulikane, na kikiwa ni cha kuletwa baadaye, muda wake utajwe. Simtaki asiye Mwislamu aifuate fikihi. Nasema masharti yale yalitungwa na watu waliowaona wanunuzi wakidhulumiwa, na nikiyapima makaratasi mengi ya kuwekea gari oda naona yanakosa uthabiti wa namna hiyo. Bei inaweza kubadilika. Sifa zinaweza kubadilika. Tarehe inakadiriwa. Kilicho thabiti ni kwamba umelipa.

Nitawasimulia habari ya Munich, kwa sababu ndiyo inayonihuzunisha zaidi. Mwaka 2016 vijana wa Kijerumani walianzisha kampuni iitwayo Sono Motors. Walitaka kutengeneza gari dogo la familia, Sion, ambalo mwili wake wote umefunikwa kwa paneli za sola, lijichaji lenyewe likiwa limeegeshwa juani. Hawakuwa matapeli. Walikuwa na nia safi na walitengeneza magari ya majaribio ambayo watu waliyaendesha. Walipokosa wawekezaji wakubwa waliwageukia watu wa kawaida, na katika kampeni iliyoendeshwa kuanzia Desemba 2019 hadi Januari 2020 walipata ahadi za zaidi ya yuro milioni 50. Kampuni ikaingia soko la hisa la Nasdaq mwaka 2021. Kiwanda cha kuliunda gari kilitajwa kwanza Sweden, kisha Finland, na bei ikapanda kadiri miaka ilivyosogea.

Mwisho wa mwaka 2022 pesa zilikuwa zimekauka, na sasa sikilizeni vizuri. Kampuni iliwaomba walewale waliokwisha kutanguliza pesa waiokoe: walipie mapema bei kamili ya magari 3,500, wapewe punguzo. Lengo halikufikiwa. Tarehe 24 Februari 2023 walitangaza kwamba Sion haitaundwa tena, na wafanyakazi wapatao 300 wakapoteza kazi. Zaidi ya watu 20,000 walikuwa kwenye foleni. Mwezi wa Mei mwaka huohuo kampuni iliomba ulinzi wa mahakama chini ya sheria ya ufilisi.

Walioumia hapo hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wapenda mazingira, walimu, wazazi wenye watoto wadogo, watu waliotaka kutenda jema. Wema wao ndio uliowafanya waongeze pesa, kwa maana mtu akishatanguliza mia tano, na akaambiwa kwamba bila elfu nyingine mbili ndoto itakufa, huona kuacha ni kama usaliti. Hapo ndipo ninapowaogopea. Arbuni ya kwanza huwa ndogo. Ile ya pili, inayoombwa kwa jina la kuokoa, ndiyo hubomoa nyumba. Anayetaka kuwekeza katika kampuni na anunue hisa zake, apate sehemu ya faida ikipatikana. Mnunuzi hapaswi kubeba hatari ya mwekezaji bila kupata haki yake.

Msidhani kufilisika ni habari ya Munich peke yake. Kule Marekani, Fisker Automotive ilifilisika mwaka 2013. Muasisi wake, Henrik Fisker, alianzisha kampuni nyingine yenye jina lake, ikaunda gari la Ocean kupitia kiwanda cha Magna kule Graz, Austria, nayo pia ikaenda mahakamani kufilisika Juni 2024. Maelfu ya watu walikuwa wameshapokea magari yao, na hata hao hawakusalimika: gari la siku hizi huishi kwa programu na vipuri vya kampuni yake, na kampuni ikifa nani atalirekebisha? Wamiliki walilazimika kuunda chama chao wenyewe ili magari yasife.

Wako pia waliosubiri wakapata, nami sitaficha hilo. Tesla ilipoonyesha Model 3 tarehe 31 Machi 2016, oda zilizopatikana katika wiki moja zilikuwa kama 325,000, kila moja kwa dola 1,000, na magari yalikuja. Lakini lile la dola 35,000 lililowavuta watu kwenye foleni lilianza kuuzwa Februari 2019. Waliotaka kulipata mapema walinunua la bei ya juu zaidi. Cybertruck ya kampuni hiyohiyo ilitangazwa Novemba 2019 kwa bei ya kuanzia dola 39,900. Ilipoanza kukabidhiwa Novemba 2023, bei ya chini iliyotajwa ilikuwa dola 60,990. Roadster mpya iliyoonyeshwa mwaka 2017 iliombewa dola 50,000 kuihifadhi, ikaahidiwa mwaka 2020. Mwaka ule ukapita, na miaka mingine ikafuata, bila mnunuzi hata mmoja kukabidhiwa ufunguo.

Kuna tukio moja linalonipa matumaini. Tarehe 1 Machi 2022, Rivian, kampuni ya magari ya umeme ya Marekani, ilipandisha bei kwa asilimia 17 hadi 20 hivi, ikawapandishia hata waliokwisha kuweka oda. Watu walighairi kwa wingi, wakalalamika hadharani, na baada ya siku mbili mkuu wa kampuni, RJ Scaringe, aliomba radhi na kuwarudishia bei ya zamani. Arbuni yao ilikuwa inarudishika, na kampuni ilikuwa bado na pesa za kurudisha. Nguvu yao ilitoka kwenye mambo hayo mawili. Kwa hiyo mkisoma kwamba pesa inarudishwa, ulizeni pia inarudishwa kutoka wapi, kwa muda gani, na kama imehifadhiwa kando au imeshatumika.

Na nyinyi mlioko Dar es Salaam na Nairobi, matangazo ya magari ya umeme kutoka China yanawafikia kila siku. Kabla ya kutuma chochote, litafuteni jina la kampuni inayouza kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, au kwenye rejista ya makampuni ya Kenya. Nendeni mkalione gari na mahali pa kulihudumia. Muuzaji akikupa namba ya simu ya mtu binafsi ili umtumie arbuni, ondoka. Ukiwa Tanzania, dai risiti ya mashine ya kodi ya EFD. Omba maandishi yanayotaja aina ya gari, bei ya mwisho pamoja na ushuru, siku ya kukabidhi, na dhamana ya betri itasimamiwa na nani. Na usiuze gari ulilonalo wala usikope kwenye kikoba kwa sababu ya gari ambalo bado halijafika bandarini. Nimeona vijana wakipanda daladala mwaka mzima wakingojea meli.

Mlioko Uingereza, lipeni kwa kadi ya mkopo kila inapowezekana. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 huibebesha benki ya kadi jukumu pamoja na muuzaji, hata kama ulilipa sehemu tu kwa kadi, ilimradi bei ya kitu chenyewe inazidi pauni 100 na haizidi 30,000. Mlioko Marekani, sheria ya ufilisi humtanguliza kidogo mteja aliyelipia kitu asichopewa, kwa kikomo cha dola elfu chache. Kinachozidi hapo unapanga foleni na wadai wa kawaida, nyuma ya benki zenye rehani.

Ukianza kusikia kwamba tarehe imeahirishwa mara ya pili, wakubwa wanajiuzulu, au kiwanda kimebadilishwa, usingoje mkutano wa kuelezwa. Andika siku hiyohiyo kwamba unaghairi na unadai pesa yako, tuma kwa barua pepe, na uhifadhi nakala pamoja na risiti ya malipo. Kampuni ikishafika mahakamani, tafuta tarehe ya mwisho ya wadai kuwasilisha madai, jaza fomu hata kama ulichotoa ni dola mia, na uitume kabla siku hiyo haijapita.