Je, Ni Halali Kuficha Udhaifu wa Mtoto?

Baba mmoja wa parokia yetu, hapa Lubumbashi, alitujia jioni moja na bahasha kubwa kwapani. Kampuni yake ilikuwa imemwagiza ahamie Nairobi kwa miaka 4, pamoja na mke wake na watoto wao 2, binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 11. Mambo ya mshahara na ya nyumba yalikuwa yamekwisha. Shida yake ilikuwa mstari mmoja katika karatasi ya maulizo ya shule. Shule iliuliza: «Je, mtoto amepata kurudia darasa, au kuhitaji msaada wa pekee katika masomo?» Chini yake kulikuwa na nafasi ya kuandika Ndiyo au Hapana.

Mvulana huyo alirudia darasa la 3. Si mvivu, wala si mpumbavu. Hesabu anaziweza, na redio ya nyumbani ikiharibika ndiye anayeifungua. Lakini akishika kitabu, herufi zinamchanganyikia. Ukurasa ambao dada yake huumaliza kwa dakika 3, yeye hutaka robo saa, tena hutoka jasho. Wataalamu huiita shida hiyo disleksia. Mwenzake baba huyo kazini alikuwa amemshauri: «Andika Hapana. Mtoto akisha kuingia, nani atamtoa?» Naye alituuliza: «Mwalimu, nikiandika Hapana, ni dhambi? Au ni akili ya mzazi?»

Swali hilo si la mtu mmoja. Jamaa za kwetu hutumwa kazini Nairobi, Johannesburg, Bruxelles au Genève, na zikitafuta shule ya kimataifa hukutana na karatasi kama hiyo. Kwa hiyo tumeona yafaa tulifikiri pamoja nanyi.

Kwanza tujue shule hizo ni nini. Mojawapo ya zile za zamani ni ya Genève. Ilifunguliwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Ushirika wa Mataifa, uliokuwako kabla ya Umoja wa Mataifa, na wa Shirika la Kazi la Kimataifa. Wazazi hao walitoka nchi mbalimbali, wala hapakuwa na shule moja ya kuwafaa watoto wao wote. Tena mwaka 1968, katika mji huo huo, likaanzishwa shirika la Bakalorea ya Kimataifa, ili kijana anayehamahama apate hati itakayopokewa na vyuo vikuu vya nchi nyingi. Maana yake, shule hizi zilizaliwa kwa ajili ya mtoto msafiri. Mzazi anayebisha hodi pale haombi sadaka.

Lakini mlango wake una kufuli nyingi. Kwa kawaida hutaka karatasi za alama za miaka 2 au 3 iliyopita, zilizotafsiriwa kama ni za Kifaransa. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti na karatasi ya chanjo. Barua ya siri ambayo mwalimu wa zamani huipeleka mwenyewe. Mtihani wa lugha na wa hesabu. Na ada ya maombi, ambayo mara nyingi hairudishwi hata mtoto akikataliwa. Nafasi zikijaa, jina huandikwa katika orodha ya kungoja. Na tarehe ya kuanza kazi ya baba haingoji. Katikati ya hayo yote mzazi huogopa, na mwenye hofu hujaribiwa upesi.

Sasa tujibu. Mtakatifu Augustino aliandika vitabu 2 juu ya uongo, akafundisha kwamba hakuna uongo ulio halali, hata ule wa kumsaidia mtu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha vivyo hivyo, lakini alikumbusha jambo moja la kufaa sana: ni halali kuuficha ukweli kwa busara. Kunyamaza na kudanganya ni mambo 2. Shule haina haki ya kujua magomvi ya nyumbani, wala deni la baba, wala ugonjwa uliokwisha kupona usiogusa masomo. Hayo tuyanyamazie bila wasiwasi. Wakiuliza, tuseme kwa adabu: «Hilo ni la jamaa yetu.» Lakini namna mtoto anavyosoma, hilo ndilo jambo lenyewe tunalowakabidhi. Anayepeleka gari kwa fundi hamfichi kwamba breki ni mbovu.

Labda mtu atasema: «Wakijua, watamkataa.» Inawezekana. Hatutaki kuwaambia wasomaji wetu kwamba ukweli hulipwa mshahara papo hapo. Shule nyingine hazina mwalimu wa kumsaidia mtoto wa namna hii. Nyingine wanaye, lakini hudai ada ya zaidi. Nyingine hupenda wanafunzi wepesi tu, ili matokeo yao yasifiwe. Shule inayouliza ukweli, kisha ikamwadhibu anayeusema, inawafundisha wazazi uongo, nayo itatoa hesabu yake. Lakini kosa la mwenye mlango halihalalishi kosa la anayebisha hodi.

Tufikiri pia kinachofuata baada ya ile Hapana. Nafasi imepewa mtoto ambaye hayupo, yaani mvulana asomaye upesi. Siku ya kwanza ni mvulana wetu anayeketi katika kiti hicho. Hapa kwetu alisoma kwa Kifaransa. Kule masomo yote ni kwa Kiingereza. Mwalimu ataona anasoma polepole, naye atafikiri: «Ni ugeni wa lugha, tumvumilie.» Atamvumilia mwaka 1, pengine 2. Hata mtaalamu huona vigumu kutenga shida ya lugha mpya na shida ya kusoma, kama hakuna aliyemweleza jinsi mtoto alivyosoma katika lugha ya zamani. Anayejua hayo ni mzazi. Basi Hapana moja yaweza kumnyima mtoto msaada katika miaka ile ile anayouhitaji kuliko yote. Wazee walisema: Mficha maradhi, kifo humfichua.

Tena kuna mzigo mwingine. Mtoto ataambiwa: «Usimwambie mtu kwamba ulirudia darasa.» Tangu siku hiyo atajua kwamba jinsi alivyo ni aibu kwa baba yake. Baba adhani anamtua mzigo, kumbe amemtwika uongo wa mtu mzima. Hapo ndipo tunapoona ubaya mkubwa wa jambo hili. Shule imedanganywa, ndiyo; lakini mtoto amekanwa.

Mwingine atasema: «Mtoto ni wangu, mimi najua linalomfaa.» Ni haki. Mtaguso wa 2 wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, ulitangaza kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Lakini wa kwanza hayuko peke yake, na anayemkabidhi mwenzake kazi humwambia hali ya kazi. Zaidi ya hayo, Mapatano ya Haki za Mtoto ya mwaka 1989 yataka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Kabla ya kuijaza karatasi, tumwite mtoto mwenyewe, tumweleze tutakayoandika, tumwulize yeye huonaje. Tukiona haya kumsomea tulichoandika, tujue kuna kasoro.

Wala kusema ukweli si kuhesabu makosa tu. Baba aandike pia kwamba mtoto anaziweza hesabu, kwamba mikono yake ina akili, kwamba akisomewa kwa sauti huelewa upesi. Aeleze ni msaada gani uliomfaa. Na kabla ya kulipa ada ya maombi, aulize kwanza: Mnaye mwalimu wa kusaidia watoto wa namna hii? Humwona mara ngapi kwa juma? Ada yake ni ngapi, na kampuni itailipa? Tena asitegemee shule moja tu, na aanze miezi mingi mbele. Na mkuu wa shule ya zamani akijitolea kupandisha alama kwa ajili ya zawadi, amshukuru na kuondoka.

Baba huyo aliandika Ndiyo. Shule ile ilimpokea binti, ikamkataa mvulana. Mama alilia. Baba alirudi kwetu, akasema: «Mwalimu, ukweli wako umetugharimu.» Hatukuwa na neno la kumfurahisha. Ilipatikana shule nyingine, ndogo zaidi, mbali na nyumba, isiyo na sifa kubwa. Iliwapokea wote 2, ikamweka mvulana darasa moja chini, na mwalimu wa kusoma humwona mara 3 kwa juma. Wazazi hawakutaka kuwatenga, na binti akaiacha shule aliyoitamani. Hilo nalo tusilisahau: ukweli wa baba hulipwa na jamaa nzima.

Baada ya miezi michache baba alitupigia simu. Alitusimulia kwamba katika juma la kwanza mwalimu alimfungulia mvulana kitabu. Mtoto akaona haya, akasema: «Mimi nasoma polepole.» Mwalimu akamjibu: «Najua, baba yako alituandikia. Tuanze hapa.»

Wazazi wapenzi, siku mtakapoketi mbele ya karatasi kama hiyo, mwandikeni mtoto mliye naye. Huyo ndiye atakayeingia darasani.