Upendo wa Mungu kama Msingi wa Tumaini la Mkristo

Tumaini la Kikristo hueleweka vibaya linapochukuliwa kuwa ni matarajio ya kwamba mambo yatakuwa mema, kwa sababu matarajio ya aina hiyo hutegemea dalili, na dalili zikitoweka nayo hutoweka. Mtume Paulo, katika sura ya 5 ya Waraka kwa Warumi, analijenga tumaini juu ya msingi mwingine. Anaeleza kwamba dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti huo huleta tumaini. Hata hivyo hauachi mlolongo huo ujitegemee, kwa kuwa dhiki peke yake yaweza vilevile kuzaa uchungu na kukata tamaa. Kinachoielekeza dhiki kwenye tumaini, kwa mujibu wa Paulo, ni pendo la Mungu ambalo muumini amekwisha kulipokea moyoni kwa njia ya Roho Mtakatifu. Kwa hiyo Mkristo huyatumainia yajayo kwa sababu ya jambo lililokwisha kutendeka, na namna anavyoishi kati ya hayo mawili ndiyo kipimo cha tumaini lake.

Sifa kuu ya pendo hilo ni kutangulia. Katika hoja ya Paulo, Kristo aliwafia watu walipokuwa bado wenye dhambi na adui wa Mungu. Na Waraka wa Kwanza wa Yohana, katika sura ya 4, unafundisha kwamba upendo wa wanadamu ni itikio la upendo waliopewa kabla. Hilo ndilo linaloitwa neema, yaani wema wa Mungu kwa mtu asiyeustahili, na juu yake limesimama fundisho la kuhesabiwa haki, yaani tendo la Mungu la kumpokea mwenye dhambi kama mwenye haki kwa ajili ya Kristo. Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini (354–430), aliitetea neema dhidi ya Pelagius na wafuasi wake, walioshikilia kwamba mtu anaweza kuishi kwa haki kwa nguvu ya hiari yake. Kwa Augustino, hata hamu ya kumtafuta Mungu ni zawadi. Mafundisho haya yana matokeo makubwa katika maisha ya kila siku, kwa maana mtu asiyelazimika kuununua upendo wa Mungu hana tena sababu ya kuyaficha makosa yake, wala ya kujikweza kwa kumshusha jirani.

Matokeo hayo yalionekana waziwazi katika Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la kiroho lililochipuka kati ya Kampala na Gahini nchini Rwanda baada ya Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari mmisionari, kukutana Namirembe mwaka 1929 na kuomba pamoja. Wafuasi wake, walioitwa Balokole kwa Kiganda, yaani waliookoka, walienea hadi Burundi, Kenya na Tanganyika, wakiwa na desturi ya kutembea nuruni, ambayo ni kuungama dhambi mbele ya ndugu, kurudisha mali iliyoibwa na kuwaomba radhi waliokosewa. Wamisionari Wazungu nao waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo lililokuwa adimu katika enzi ya ukoloni. Desturi hiyo ilikuwa na hatari zake, kwani vikundi vingine viliigeuza kuwa mizani ya kuwahukumu wasioungama kama wao. Lakini ilipobaki chini ya neema, ilijenga udugu uliovuka mipaka ya kabila na rangi.

Udugu huo ulijaribiwa katika miaka ya 1950 nchini Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau. Wakristo Wakikuyu wengi wa uamsho walikataa kula kiapo cha wapiganaji na pia walikataa kushika silaha upande wa serikali ya kikoloni, na baadhi yao waliuawa. Jaribio jingine lilitokea Uganda mwaka 1977, wakati Janani Luwum, Askofu Mkuu aliyelelewa kiroho na uamsho huohuo, alipoungana na maaskofu wenzake kumwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Luwum aliuawa tarehe 16 Februari pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, alikimbilia uhamishoni, na mwaka huohuo akachapisha kitabu ambacho jina lake lilitangaza upendo wake kwa Amin. Kumsamehe Amin hakukumjia kwa wepesi wa tabia, kwa kuwa Kivengere mwenyewe alikiri kwamba chuki ilikuwa imeanza kuufanya moyo wake mgumu, mpaka alipoutazama msalaba na kujiona kuwa naye ni mtu aliyesamehewa.

Visa hivi vinajibu pingamizi la kale, kwamba tumaini la mbinguni humlegeza mtu asijali dhuluma za duniani. Mwanateolojia Mkenya John Mbiti (1931–2019) aliona hatari hiyo katika utafiti wake juu ya eskatolojia, yaani mafundisho kuhusu mambo ya mwisho, alipochunguza jinsi Wakamba walivyohubiriwa mbingu iliyo mbali mno na maisha yao ya sasa. Tumaini lililokatwa kutoka kwenye pendo huwa kweli ndoto ya kukimbilia. Lakini pendo lililomfikia adui haliwezi kunyamaza mbele ya mateso ya jirani, na ndiyo maana barua ya maaskofu na msamaha wa Kivengere vilitoka katika chemchemi moja: ukweli ulisemwa kwa mtawala kwa sababu yeye pia alihesabiwa kuwa mtu anayeweza kutubu.

Pendo hilo halikumwahidi Luwum usalama. Katika sura ya 8 ya waraka huohuo, Paulo anavitaja njaa, hatari na upanga kuwa ni mambo yatakayowapata waumini, na anaukiri uchungu wa viumbe vyote vinavyoungoja ukombozi. Anachokikana ni uwezo wa mambo hayo kumtenga mtu na Mungu. Aliyeshika ahadi hiyo anaweza kusema kweli bila hakika ya kusikilizwa, kusamehe kabla ya kuombwa radhi na kuzika wapendwa wake akitarajia ufufuo, kwa kuwa thamani ya maisha yake haikuwekwa rehani kwa mafanikio ya lolote kati ya hayo.