Bawa Zima na Bawa Bovu

Je, ni haki kumzuia mzima kwa sababu mwenziwe ameugua? Swali hili aghalabu huachiwa wanafalsafa, lakini waunda ndege wamelijibu kwa chuma.

Nyuma ya kila bawa la ndege ya abiria kuna vibawa viitwavyo flapu. Rubani huvitoa wakati wa kuruka na wa kutua, navyo huipa ndege nguvu ya kuelea ilhali mwendo ni mdogo. Tuseme vya kushoto vimekwama, na vya kulia vingali vikitoka. Bawa la kulia litainuka, la kushoto litazama, na ndege itataka kubiringika. Kwa sababu hiyo mtambo hulinganisha pande mbili daima, na tofauti ikipita kiasi, huzisimamisha zote palepale zilipofika. Katika ndege nyingi breki hukaza, wala rubani hawezi kuzilegeza angani. Hiyo ni kazi ya mafundi chini. Yeye hutua na flapu alizobakiwa nazo, kwa mwendo mkali zaidi, hata akahitaji njia ndefu.

Kibawa kizima basi kimefungwa bila kosa. Mimi nasema hakikudhulumiwa, kwani hakina safari yake peke yake. Mwanafunzi mwepesi atauliza kama naye yampasa kumngoja mzito. La! Akitangulia katika hesabu, mwenziwe haanguki. Lakini wawili wakibeba jeneza, hapana budi mwenye nguvu afuate hatua ya mnyonge.

Tarehe 25 Mei 1979, huko Chicago, Marekani, ndege ya aina ya DC-10 iling'okewa na injini ya kushoto ikiondoka uwanjani. Mabomba ya mafuta yaendeshayo vibawa vya mbele ya bawa hilo yalikatika, na kwa kuwa hapakuwa na komeo la kuvishika, upepo ulirudisha baadhi yake ndani. Taa ya kuwaonya marubani juu ya tofauti hiyo ilipata umeme wake kwa injini iliyokwisha kwenda. Bila kujua, walipunguza mwendo kama walivyofundishwa. Bawa la kushoto likaishiwa na nguvu, ndege ikapinduka, wakafa watu 273. Vibawa vya mbele vya bawa la kulia vilikuwa nje kama ipasavyo, mpaka ndege ilipogonga ardhi.