Deni la Mfanya Biashara kwa Jirani

Husemwa aghalabu kwamba mfanya biashara huwiwa na watu watatu: aliyemkopesha mtaji, anayenunua bidhaa yake, na anayemfanyia kazi. Akilipa riba, akipima kwa haki, na akitoa ujira bila ya kupunja, hana deni tena. Hesabu hii ni safi, walakini imemsahau jirani, ambaye hakununua wala hakuuza kitu.

Katika mji wa Minamata, nchini Japani, kiwanda cha Chisso kilianza mwaka 1932 kutengeneza asetaldehaidi, na maji yake machafu yenye zebaki yakamwagwa baharini. Zebaki iliingia katika samaki, na samaki wakaingia katika vyungu vya wavuvi. Paka walishikwa na kifafa. Watu walitetemeka, wakapotewa na kauli na macho. Watoto walizaliwa na ulemavu. Mwezi wa Mei, 1956, Hosokawa Hajime, daktari mkuu wa hospitali ya kiwanda hicho hicho, alipeleka habari kwa idara ya afya. Mwaka 1959 alimlisha paka chakula kilichotiwa maji machafu ya kiwanda, naye akapatwa na maradhi yale yale. Wakuu waliarifiwa, wakanyamaza. Desemba ya mwaka huo huo walipatana na wagonjwa kuwapa fedha ya pole, kwa sharti kwamba hata ikibainika baadaye kuwa kiwanda ndicho chanzo, wasidai zaidi.

Sharti hilo lastahili kutazamwa sana. Wagonjwa walikubali kwa hiari (na fedha si kitu cha kudharauliwa kwa mvuvi ambaye samaki wake hawanunuliwi tena). Lakini hiari ya mhitaji aliyefichwa ukweli ni hiari gani? Mahakama ya Kumamoto ilitamka mwaka 1973 kwamba mapatano hayo ni batili, kwa kuwa yalipinga uadilifu.

Yuko atakayetetea kwamba kiwanda ndicho kilicholisha mji. Ni kweli, na kwa sababu hiyo baadhi ya wenyeji waliwabeza wagonjwa. Walakini aliyepokea mshahara siye aliyepoteza mtoto, na faida ya mmoja hailipi hasara ya mwingine ambaye hakuulizwa.

Zebaki ilimwagwa mpaka Mei, 1968, utengenezaji ule ulipokoma. Serikali ilikiri chanzo cha maradhi Septemba, wakati ambapo hapakuwa tena na kitu cha kuzuiwa. Daktari alitoa ushahidi wake juu ya paka mwaka 1970, akiwa kitandani hospitalini, na mwaka huo huo alifariki.