Profesa na Kebo ya Baharini

Yule dada anayepokea oda za madera kwa simu akingoja feri anafaidi kazi ya mwalimu mmoja wa biashara. Profesa Bitange Ndemo, aliyewahi kufundisha ujasiriamali Chuo Kikuu cha Nairobi, ndiye aliyekuwa katibu wa kudumu wa wizara ya habari kebo ya intaneti ya TEAMS ilipotua hapa Mombasa mwaka 2009, kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu. Kabla ya kebo hiyo tulitegemea setilaiti, ghali tena goigoi.

Mwalimu wa namna hii namuenzi: anatoka darasani analijaribu somo lake kazini, kisha anarudi kufundisha. Mwanafunzi unayeingia chuoni asubuhi hii, muulize mwalimu wako amepitia wapi. Muulize tu, usione haya.