Zamu ya Maji Haiwekwi Akiba



Mkulima wa Mata anaijua zamu ya maji. Siku yake ikifika, hata iwe usiku wa manane, huchukua jembe na tochi akaenda kufungua mfereji. Maji yanayotoka upande wa mlima Kilimanjaro hayamngoji mtu. Asipokuwepo, humpita yakaenda kwa jirani. Kesho yake hawezi kusema, "Nirudishieni maji yangu ya jana."

Je, furaha ya ndoa si kama zamu hiyo? Wengi wetu tunaiahirisha. Tutafurahi tukimaliza kuezeka nyumba. Tutafurahi karo ikiisha. Karo inaisha, linazuka jambo lingine. Watoto wanakua na kuondoka, mvi zinaota, na wawili waliooana kwa vigelegele wanajikuta wageni ndani ya nyumba moja.

Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, aliuchunguza sana wakati katika kitabu chake cha Maungamo. Aliona kwamba yaliyopita hayapo tena, na yajayo hayajawa. Yaliyopita tunayashika kwa kumbukumbu, yajayo kwa kutarajia, na ya sasa kwa kuyaangalia. Basi, mtu asiyeangalia kilicho mbele yake anapoteza sehemu pekee ya maisha iliyo mkononi mwake.

Tazameni chakula cha jioni. Mke ameketi, lakini moyo wake uko soko la Taveta akihesabu mikungu ya ndizi atakayouza Jumamosi. Mume ameketi, lakini moyo wake umerudi kwenye ugomvi wa Pasaka iliyopita. Mtoto anasimulia habari za shule, na wote wawili wanaitikia "mm" bila kusikia. Miili mitatu imeketi mezani, lakini aliyepo kweli ni mtoto peke yake.

Kuna na wale wanaotenganishwa na kazi, mmoja yuko Mombasa au Voi, mwingine amebaki shambani. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha hufika nyumbani kwa dakika moja. Hilo ni jambo jema. Lakini nafsi ya mtu haitumwi kwa simu. Baba anayerudi mwisho wa mwezi, kisha akashinda ameinamia simu yake, bado hajafika nyumbani. Siku ya ndoa hatukuahidi kupeana mshahara tu. Tuliahidi kupeana nafsi zetu, katika raha na katika taabu. Kwa hiyo kumsikiliza mwenzako si zawadi ya ziada utakayompa ukipata nafasi. Ni haki yake.

Mtu ataniuliza: "Mwalimu, tembo wametoka Tsavo usiku wakamaliza mahindi yote. Nifurahie nini?" Swali hili ni zito, na halijibiwi kwa maneno matamu. Hakuna anayedaiwa kucheka mbele ya shamba lililokanyagwa. Lakini angalieni: nyumba mbili zinaweza kupata hasara ile ile. Katika moja, kila mtu anabeba huzuni yake kwenye pembe yake. Katika nyingine, mume na mke wanasimama pamoja shambani, wanahesabu mabua yaliyosalia, na mmoja anamwambia mwenzake, "Pole, mama watoto. Angalau tuko wawili." Mahindi hayakurudi. Hata hivyo, nyumba ya pili ina kitu ambacho tembo hakukigusa. Kuwepo hakuondoi machungu, bali kunamwondolea mtu upweke, na hapo ndipo furaha hupata pa kuotea.

Wala tusichanganye neno hili na ule usemi wa "ponda mali, kufa kwaja." Anayekunywa fedha za karo akisema tufurahie leo, huyo hayupo nyumbani hata kidogo. Amewakimbia watu wake. Kupanga kesho ni wajibu, na hata mkulima husafisha mfereji kabla ya zamu yake. Tofauti ni hii: kupanga kuna saa yake na mwisho wake, lakini wasiwasi hauna saa, nao hula kila saa ya nyumba.

Basi, jaribuni mambo haya matatu. Kwanza, wekeni jioni moja kwa wiki ya kuzungumzia madeni, karo na shamba, mkiwa na daftari. Mkilifunga, fungeni pia mazungumzo hayo hadi wiki ijayo. Pili, wakati wa kula simu zikae mbali na meza. Tatu, kila siku mmoja amuulize mwenzake, "Leo ilikuwaje?" kisha angoje jibu bila kumkatiza wala kumshauri. Huenda jibu likawa fupi siku za kwanza. Msife moyo. Udongo uliokauka hauwezi kunywa maji yote mara moja.

Swali la kuzungumza nyumbani: Ni lini mara ya mwisho mwenzangu alinieleza jambo, nami nikaweza kulirudia lote alilosema? Muulizane leo, kabla ya kulala.