Risasi Zilizopasuka Kabla ya Kupigwa

Enzi za utawala wa Waingereza nchini India, jeshi lao lilikuwa na kawaida moja ambayo mtu yeyote angeiona ya busara. Mvua za msimu zilipoanza, risasi ziliwekwa chini ya paa imara zisubiri kiangazi, na mara nyingi paa hilo lilikuwa la mazizi ya farasi. Mvua zikakatika, risasi zikatolewa, na baadhi zikakutwa zimepasuka. Hazikuwa zimepigwa wala kuanguka. Ufa ulikuwa shingoni, pale ambapo ganda hubanwa ili likishike kichwa cha risasi.

Naieleza habari hii kwa sababu wapo wenzetu, hasa walioko Marekani na Ulaya, wanaolenga shabaha au kuwinda kwa kibali na wanaojaza upya maganda yao wenyewe. Anayefanya kazi hiyo hukutana mapema na swali la maganda ya zamani: ndoo iliyouzwa kwa bei ya kutupa, mfuko ulioachwa na mzee aliyefariki, sanduku la jeshi lililokaa miaka mingi kwenye banda. Yanafaa au hayafai? Wengi wetu hujibu kwa macho. Likiwa linang'aa ni zuri, likiwa na madoa ni bovu. Jibu hilo ndilo linalonitia hofu.

Tuwatazame wale wanajeshi bila kuwacheka, maana dalili walizokuwa nazo ni za aina ambayo mimi na wewe tungeipita vilevile. Ganda ambalo halijapigwa halina sababu ya kupasuka. Hiyo peke yake ilitosha kumfanya mtu asimame na kuuliza. Halafu shida ilikuja na majira ya mvua. Halafu ilikuwa mazizini. Na ufa haukutokea popote tu, ulitokea pale chuma kilipobanwa. Kila dalili ilikuwa mezani, lakini moja ilionekana ni habari ya hewa, nyingine ya ghala, nyingine ya kiwanda. Na harufu ya zizi, ile inayochoma pua na macho ukiingia asubuhi, nani angeihesabu kuwa habari ya silaha?

Maelezo kamili yalipatikana mwaka 1921, kutoka kwa wachunguzi watatu wa Uingereza, Moore, Beckinsale na Mallinson. Ganda la risasi hutengenezwa kwa shaba nyeupe, yenye takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Huanza kama kisahani, kisha husukumwa na kuvutwa kikiwa baridi, hatua kwa hatua, hadi kiwe kikombe kirefu. Kuvutwa huko huacha mkazo ndani ya chuma. Nje ganda limetulia, ndani limekaza kama kamba iliyofungwa kwa nguvu. Mkojo wa farasi ukioza hutoa amonia. Amonia ikikutana na unyevunyevu na hewa hushambulia shaba yenye zinki nyingi, ikipenya kwenye mipaka ya punje za chuma mahali palipo na mkazo. Mkazo unavuta, amonia inafungua njia, na ufa unatembea. Ondoa kimojawapo na ufa hautokei. Ndiyo maana dawa iliyofaa ilikuwa kulipasha ganda moto wa kiasi baada ya kulitengeneza, ili mkazo ulegee bila chuma kupoteza nguvu zake.

Sasa turudi kwenye ile ndoo ya maganda. Swali la kwanza kumuuliza anayekuuzia ni hili: yalikaa wapi? Banda la kuku lina amonia. Stoo ya mbolea nayo inayo. Zizi la ng'ombe halina tofauti kubwa na la farasi. Kama hajui yalikokaa, kutojua kwake ni dalili pia, na usiipuuze kwa sababu bei ni nzuri.

Swali la pili ni hili: yamesafishwa kwa kitu gani? Dawa nyingi za kung'arisha shaba zina amonia, na mtu mwenye nia njema kabisa anaweza kuyaloweka maganda usiku mzima ili yapendeze. Asubuhi yanawaka kama mapya, na madhara yamo ndani. Ndugu yangu, usisafishe ganda kwa kitu chenye amonia, hata kama chupa imeandikwa kwamba ni ya shaba.

Kuna jambo hapa linalowapoteza hata wenye uzoefu. Chukua ganda la bunduki la jeshi, ulishike karibu na dirisha. Kwenye shingo na bega lake utaona kivuli cha rangi, zambarau au kahawia yenye ubuluu, kana kwamba liliunguzwa. Wengi hulitenga wakidhani limeharibika. Kumbe ile ni alama ya moto wa kiwandani uliolainisha shingo, na majeshi mengi huiacha ionekane. Maganda ya kiraia hupashwa moto vilevile, ila alama yake husuguliwa ili mteja afurahi. Basi doa hilo ni habari njema. Doa la kuogopa ni la wekundu wa waridi, linaloonyesha kwamba zinki imekwisha kutoka na shaba imebaki peke yake, au kijani kilichokwisha kuchimba mashimo. Kama ukucha unanasa hapo, likatae ganda hilo.

Maganda ya zamani sana yana adui mwingine asiyeonekana. Fataki za kale, zile za kuwashia baruti, zilikuwa na zebaki, na risasi ikipigwa, zebaki ile huingia kwenye shaba na kuifanya iwe dhaifu ya kuvunjika. Ganda laweza kuwa safi nje na ndani, bila ufa hata mmoja. Toa ganda moja au mawili kwenye kila fungu uyaharibu makusudi: bana shingo kwa koleo. Shaba nzima hukunjika na kubonyea. Iliyooza hupasuka kama gamba la yai. Likipasuka moja, usiyachambue mengine ukitumaini kuokoa yaliyo mazuri. Fungu zima limekwisha.

Nako karibu na kitako kuna ishara inayopuuzwa kila siku, hasa kwenye maganda ya .303 ya Waingereza, ambayo hurefuka sana ndani ya bunduki nyingi za kijeshi za enzi ile. Ni mstari mwembamba unaong'aa, unaozunguka ganda juu kidogo ya kitako. Chukua waya mwembamba, pinda ncha yake iwe ndoana ndogo, iingize mdomoni mwa ganda uivute taratibu kwenye ukuta wa ndani. Ikinasa kwenye mfereji, chuma kimekwisha kukonda hapo, na safari ijayo kitako kinaweza kuachana na mwili.

Tusilichukulie hilo kuwa hasara ya ganda moja. Ndani ya chemba msukumo wa gesi unaweza kuzidi mara 3,000 ule wa hewa tunayovuta, na kinachoizuia gesi hiyo isirudi nyuma ni ile shaba nyembamba iliyotanuka na kuziba. Shaba ikishindwa, gesi hutafuta njia kuelekea kwenye uso wa mpigaji.

Kwa sisi tulioko Afrika Mashariki, neno langu ni fupi. Viwanja vya vita vya 1914 hadi 1918 huko Taita bado vinatoa maganda ya zamani. Ganda tupu ni historia. Lakini ukikuta risasi nzima, yenye kichwa chake, hata iwe na kutu ya miaka mia, usiichokonoe wala usimpe mtoto achezee. Iache ilipo, wajulishe polisi.

Na wewe unayejaza, ukishalikataa ganda usilirudishe kwenye ndoo ukisema utaliangalia tena. Ndoo husahau, na kesho mwanao au rafiki yako atalichukua akidhani lilipita ukaguzi. Libonyeze mdomo kwa koleo mpaka lisiweze kupokea kichwa cha risasi, liweke kwenye mfuko wa peke yake, na mfuko ukijaa upeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu.